Mawe Yaliyopikiwa Msibani

Tarehe tisa Machi, siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alifariki kwa malaria, hospitalini hapa Musoma mjini, siku ya nne tangu aanze kusema kichwa kinamgonga. Daktari alitueleza kwamba mtu akikaa nje muda mrefu mwili unaizoea hali ya kule, na malaria ikimrudia inampiga kama mtoto mchanga. Alikuwa amekaa nje miaka minne. Alikuja nyumbani kwa wiki tano, na alikuwa amebakiza moja.

Naandika haya mimi kaka yake. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kupasua mawe: kokoto na mawe ya msingi, huku nyuma ya Bweri ambako nyumba mpya zinajengwa kila mwezi. Msibani watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema nilimsomesha kwa nyundo yangu. Si kweli. Mama aliuza dagaa, shangazi yetu aliuza ng'ombe, chuo alisoma kwa mkopo, na huko nje alipata ufadhili. Mimi nilimnunulia viatu na godoro alipokwenda sekondari. Wakati wanasema nilikaa kimya, kwa hiyo naliweka sawa hapa.

Alichosomea ni mawe. Jambo hili lilituchekesha sana. Siku aliporudi, shangazi alimtazama kuanzia juu hadi chini akamwambia:

"Yaani umepanda ndege siku mbili kwenda kusomea kitu ambacho kaka yako anakipigaga kila siku hapo nyuma ya choo?"

"Shangazi, kaka anayapiga. Mimi nayauliza umri."

"Na yanajibu?"

"Yanajibu. Ila yana maringo, lazima uyabembeleze."

Jioni hiyo mama alimwomba atueleze vizuri, maana watu kanisani watauliza. Mdogo wangu akainama, akavua kandambili za mama miguuni mwake, akaziweka chini kwenye uwanja, ya kushoto na ya kulia, zikigusana ubavu kwa ubavu. Katikati akamwaga mchanga aliouloanisha kwa maji ya ndoo. Kisha akaanza kuzisukuma polepole, moja kuelekea barabarani, nyingine kuelekea ziwani.

"Nchi ninayosoma iko hivi," alisema. "Ardhi yake ni vipande viwili, na vinapishana. Si kwamba kimoja kinapanda juu ya kingine. Vinapita ubavuni, kila kimoja na njia yake. Sasa tazameni ukingo wa kandambili, haujanyooka. Ukifika hapa penye kiuno, vinabanana."

Kweli, pale penye kiuno cha kandambili mchanga ulikuwa umeinuka kama tuta la viazi.

"Hii ndiyo milima yangu. Mawe yaliyokuwa chini kabisa, kwenye joto, yamebanwa yakapandishwa hadi juu. Swali langu ni moja tu: yalianza kupanda lini?"

Tuliinama kutazama tuta lile. Mama aliangalia miguu yake mitupu.

"Na mimi swali langu ni moja. Kandambili zangu unaniosheaje?"

Mawe ya kule alikuwa ameshayapima. Sasa alitaka ya kwetu. Alisema ardhi ya huku Mara imetulia siku nyingi mno, haina kupishana kama kule, na kwamba mtu anayepima mawe yenye haraka anatakiwa apime pembeni yake na mawe yasiyo na haraka, ili ajue kipimo chake hakimdanganyi. Alitaka mawe tisa: matatu ya Bweri, matatu ya Bunda, matatu ya Butiama. Kila moja ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Kibali cha kuyatoa nchini alikuwa nacho kwenye bahasha.

Nilifunga kazi yangu siku tatu nikaenda naye. Siku ya kwanza tulianza pale pale ninapopasulia. Nilimwonyesha mwamba mzuri, nikainua nyundo, akanishika mkono.

"Subiri. Hapa mliwahi kuwasha moto?"

Asiyejua kazi yetu huenda asielewe kwa nini aliuliza. Mwamba ukiwa mkubwa hauupasui kwa nyundo peke yake. Unarundika magogo na matairi chakavu juu yake, unawasha, unauacha upate moto mpaka uanze kulia, ndipo unauingiza mtalimbo kwenye ufa. Nilimwambia ndiyo, hapo tulichoma mwaka juzi.

"Basi hapa hapafai. Jiwe likichomwa, kaka, linasahau."

Akakaa juu ya mwamba akanieleza. Ndani ya jiwe kuna punje ndogo ambazo huzioni kwa macho. Ndani ya punje kuna kitu kinachopasuka chenyewe kidogo kidogo, na kila kikipasuka kinaacha mkwaruzo. Jiwe likiwa chini kwenye joto, mikwaruzo inajifuta. Likishapanda na kupoa, mikwaruzo inaanza kubaki. Yeye kazi yake ni kukaa kwenye darubini kuihesabu, na kwa hesabu hiyo anajua jiwe lilipoa lini, yaani lilipanda lini. Sasa ukilichoma, mikwaruzo yote inafutika, na jiwe linakuwa kama limezaliwa siku ile uliyolichoma.

Nililielewa vizuri, na nalisema wazi kwa sababu ya yaliyotokea baadaye: nilijua.

Tulihama mita nyingi, tukapanda hadi mahali ambapo hakuna mpasuaji aliyefika. Nikamtolea matatu. Kesho yake tulikwenda Bunda kwa basi, kisha bodaboda hadi chini ya kilima, kisha miguu. Mawe ya kule yana wekundu kidogo, kama nyama ya samaki iliyoanza kukauka. Alinisumbua sana siku ile. Kila nilipotoa kipande alikigeuza, akakinusa, akasema bado. Nilimwuliza kama huko chuoni hata mwalimu wao hununua mchele kwa kunusa hivyo punje moja moja. Alicheka hadi akakaa chini.

Butiama tulikwenda siku ya tatu, kwenye shamba la mjomba. Kuna mwamba umekaa katikati ya mihogo, mkubwa kama nyumba, na mbuzi hulala upande wenye kivuli. Tulikula viazi vya kuchemsha alivyotupa mke wa mjomba. Nilipopiga pigo la tatu, kipande kikaachia, na pale kilipotoka pakabaki weupe unaometameta. Mdogo wangu akaweka kiganja chake pale.

"Weka na wewe."

Nikaweka.

"Unasikia baridi? Hapa hapajawahi kuona jua tangu dunia ianze. Mimi na wewe ndio wa kwanza kupaona."

Nimepasua mawe miaka kumi na saba. Sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

Tulirudi nyumbani na mawe tisa, kila moja kwenye mfuko wake wa salfeti, na namba imeandikwa kwenye mfuko kwa kalamu nene. Aliyapanga barazani, ukutani. Alichora kwenye daftari lake kila mahali tulipotoa jiwe: mti uko wapi, njia iko wapi, pigo langu liko upande gani. Jumatano ile akaanza kulalamikia kichwa.

Kuhusu siku nne zile sitaandika.

Jumapili mchana watu walikuwa wameshajaa. Turubai lilifungwa, kwaya ilifika, vijana walianza kuchimba kaburi kando ya lile la baba. Shangazi ndiye aliyeshika jiko, kama ilivyo kila msiba wa ukoo wetu. Alinijia nimesimama karibu na tanki la maji. Sijui nilikuwa nimesimama pale kwa muda gani.

"Mwanangu, sufuria la kanisa limefika halina mafiga. Nipatie matatu yenye nguvu, lile sufuria likimwagika litaunguza mtu."

Siku nyingine yoyote uani kwangu yangekuwapo mawe mia. Lakini wiki ile lori lilikuwa limebeba yote, na kwa sababu ya safari zetu sikuwa nimepasua mengine. Nilikwenda barazani. Nikafungua mifuko mitatu iliyokuwa karibu, nikatoa mawe, nikayabeba moja moja hadi jikoni, nikayapanga mwenyewe, nikajaribu kwa mguu kama hayayumbi. Nakumbuka uzito wake mikononi. Sikumbuki kama niliwaza kitu.

Moto ule uliwaka tangu Jumapili hadi Jumatano. Magogo makubwa, ugali wa watu mia na zaidi, maharage yanayochemka tangu alfajiri. Siku ya pili, baada ya kuzika, nilikaa kwenye benchi nikitazama upande wa jikoni, nikaona figa moja upande ambao moshi haujalipaka. Lilikuwa na wekundu. Nikalitambua. Ni la Bunda, lile alilolinusa mara mbili.

Sikuinuka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeinuka ningesema nini? Watu waondoe sufuria, wasile? Waliotoka Bukima na Butiama walikuwa wamekaa tangu asubuhi bila kitu tumboni. Nilikaa pale pale, nikawa natazama moto unalamba jiwe la mdogo wangu, na mtu mmoja akaja kunipa sahani, nikapokea, nikala.

Msiba ulipoanuliwa, shangazi alibaki kwetu wiki nzima kumliwaza mama. Shangazi hawezi kukaa bila kazi. Siku moja nilitoka kazini nikakuta mawe yote tisa yamepangwa barazani mstari mmoja, yanang'aa. Alikuwa ameyaosha kwa jivu na chuma cha kusugulia masufuria, yale ya moto na yale ambayo hayakuguswa, yote. Mifuko alikuwa amewafungia unga wageni wa mbali.

"Nimemsafishia mawe yake," aliniambia. "Yasikae na masizi kama ya mtu asiye na ndugu."

Nilimshukuru. Ndivyo nilivyofanya. Nilisema, "Ahsante, shangazi."

Wiki mbili zikapita. Jumamosi moja simu ikaita, namba ndefu ya nje. Alikuwa kijana anayesoma pamoja na mdogo wangu, Mtanzania, mtu wa Mbeya. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ya mtu anayejipanga kila neno.

"Kaka, shikamoo. Mama yuko karibu? Naomba uweke sauti asikie na yeye."

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikaweka simu kwenye ungo, katikati yetu. Yule kijana akasema kwamba kazi ya mdogo wangu ilikuwa karibu imalizike. Mawe ya milima ya kule ameshayahesabu yote, maandishi yako tayari, kilichobaki ni mawe ya nyumbani. Mwalimu wao amekubali kwamba yeye, huyu kijana, ayahesabu badala yake, kisha kazi itolewe, na jina la kwanza litakuwa la mdogo wangu.

"La kwanza, mama," alirudia. "Mimi nitakuwa nyuma yake."

Mama aliacha kuchambua. Tangu mazishi uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Siku ile niliuona unafunguka kidogo.

"Mawe yako salama, kaka?"

Nikamwangalia mama.

"Yako salama," nikasema.

Siku kumi na moja nilikaa na neno hilo. Nilijitetea kwa kila namna. Nilisema labda moto wa kupikia si mkali kama wa matairi. Nilisema labda joto haliingii hadi katikati. Nilisema watu wale wanahesabu vitu visivyoonekana, na nani atajua. Nikifika hapo nilikuwa naisikia sauti yake ikisema linasahau, kaka, na nilikuwa naacha nyundo chini nakaa.

Siku ya kumi na moja nilirudi mapema. Nikachukua nyundo ndogo, nikachuchumaa barazani, nikaanza kuyagonga yale mawe moja moja, taratibu. Mpasuaji anajua mawe kwa sauti. Jiwe zima linalia kama chungu kizuri. Lililopata moto linajibu kwa sauti iliyokufa, kwa sababu ndani limejaa nyufa ambazo huzioni. Na kila jiwe nililijua kwa pigo langu mwenyewe, kwa hiyo kukosekana kwa mifuko hakukunisumbua. Moja la Bweri lilikuwa limekufa. Moja la Bunda, lile la wekundu, limekufa. Lakini niliyatoa matatu, na la tatu sikulipata. Saba yaliyobaki yote yalilia vizuri, au nilifikiri hivyo, kisha nikarudia yale matatu ya Butiama. Moja lilikuwa safi kabisa. Mawili yalilia karibu sawa, si hai sana, si mfu. Niliyarudia hadi nikachoka masikio. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa figa la upande wa upepo, ambako moto haukulishika sawasawa. Lipi, sikujua. Mpaka leo sijui.

"Unayapigia nini hodi?"

Shangazi, aliyekuja kumwona mama, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mboga. Nilikusudia asijue kamwe. Lakini aliuliza mara ya pili, na mimi sina ufundi wa kutunga. Nikamwambia yote: punje, mikwaruzo, moto, simu.

Akaketi juu ya ngazi. Akaweka kikapu chini.

"Kwa hiyo nimewapikia watu kwa shule yake."

"Mafiga nilikuletea mimi, shangazi. Wewe hukujua. Mimi nilijua."

"Uliwaza?"

"Hapana."

"Basi na wewe hukujua." Akavuta pumzi. "Nikwambie kitu? Nimepika misiba mingi. Mafiga yale yalikuwa mazuri. Sufuria halikuyumba hata mara moja, siku zote tatu."

Kisha akaanza kulia, na mimi pia, tukiwa tumekaa na mawe katikati yetu. Mama alitusikia akatoka. Hakukuwa na namna tena. Nikamweleza na yeye, nikamweleza pia kwamba nilidanganya kwenye simu mbele yake.

Aliuliza jambo moja tu. "Ukisema ukweli, jina lake bado litatoka huko?"

"Sijui, mama. Huenda lisitoke."

"Na usiposema?"

"Litatoka. Lakini chini yake kutakuwa na hesabu ya uongo."

Mama aliinama akaligusa moja la yale mawe.

"Yeye alikuwa hapendi hata kuazima daftari la mwenzake," alisema. "Piga simu."

Nilipiga pale pale. Yule kijana alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, hata nikafikiri mtandao umekatika. Akaniuliza moto ulikuwa wa magogo au wa mkaa, uliwaka siku ngapi, mawe yalikaa umbali gani na moto. Nikajibu nilichokijua. Nikamwambia mawili nina uhakika yamechomwa, na la tatu ni moja kati ya mawili ya Butiama, lakini lipi sijui, kwa hiyo ayahesabu yote mawili kama mabovu.

"Kaka," alisema, na sauti yake sasa haikuwa imejipanga, "yale mawili yaliyochomwa kabisa yasingetusumbua sana. Tungekuta hayana mkwaruzo hata mmoja, tungehangaika kutafuta mlima gani wa moto ulilipuka Bunda juzi, kisha tungeyaweka kando. Lile la upande wa upepo ndilo lingetumaliza. Jiwe lililochomwa nusu linafuta nusu. Linakupa umri wa uongo unaofanana kabisa na umri wa kweli. Tungeuandika. Na jina lililo juu ni la kwake."

Nilihamishia simu sikio la pili, naye akaendelea.

"Ya Bweri yamebaki mawili, ya Bunda mawili, hayo yanatosha. Butiama limebaki moja, halitoshi. Unaweza kurudi pale pale? Daftari lake mnalo?"

Nilitaka kwenda peke yangu. Mama alisema anakuja. Alikuwa hajatoka nyumbani tangu mazishi isipokuwa kwenda kanisani. Tulishuka Butiama saa nne, tukasalimia kwa mjomba, tukaenda shambani na daftari. Michoro ya mdogo wangu ilikuwa sahihi kabisa: mti, njia, upande wa mbuzi. Makovu ya nyundo yangu yalikuwa bado meupe, ila vumbi lilikuwa limeanza kuyashika.

"Ni hapa?" mama aliuliza.

"Ni hapa."

"Yeye alikaa wapi?"

Nikamwonyesha jiwe dogo chini ya mwamba. Mama akakaa juu yake, akanyoosha miguu. Nilimwuliza mjomba kama kuna mtu amewahi kuchoma majani au kupika karibu na mwamba ule. Akasema kwa anavyojua, hapana, hata mihogo hawachomei pale kwa sababu ya mbuzi. Nikapiga. Nikatoa mawili. Lilipoachia la kwanza nilisita, kisha nikamwita mama aje aweke mkono. Nikamwambia maneno aliyoniambia mdogo wangu, kwamba hapo hapajawahi kuona jua. Mama aliuacha mkono pale hadi nilipomaliza kutoa la pili.

Kurudi barabarani nilibeba moja begani. Lingine mama alilifunga kwenye kanga akalitwika kichwani. Nilimsihi anipe, akanijibu kwamba mtoto wake alibeba mawe haya akiwa mzima, na yeye hajashindwa bado. Tulitembea hivyo hadi kwenye bodaboda, yeye mbele.

Kibali cha zamani kilikuwa na jina la mdogo wangu, kwa hiyo ilibidi chuo alichosoma hapa nchini kisaidie kupata kingine, na hilo lilichukua muda kuliko tulivyofikiri. Mawe saba yaliondoka kwa basi kwenda Dar es Salaam, kila moja kwenye mfuko wake, namba ndani na nje, na kwenye karatasi nilieleza lipi limetoka wapi na siku gani. Manne yaliyobaki mama hakutaka yaondolewe. Yako barazani.

Majibu yalikuja baada ya mvua za vuli kuanza. Yule kijana alituma kurasa kwenye simu, na kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza alituma pia sauti yake akitusomea kwa Kiswahili. Tulikaa sebuleni tukasikiliza. Jina la mdogo wangu lilikuwa juu, la kwanza. Alisema mawe ya kule penye kupishana kwa ardhi yalipanda juzi juzi kwa hesabu ya mawe, na yanapanda bado, na kadiri unavyosogea karibu na mahali pale penye kubanana ndivyo yanavyokuwa machanga, sawasawa na alivyobashiri mdogo wangu. Ya kwetu yalipoa zamani mno. Mikwaruzo yake ni mingi na mirefu, haijaguswa na joto tangu hapo.

"Kwa hiyo yametulia kama alivyosema," mama alisema.

"Yametulia."

Kisha sauti ikasema kuna sehemu ambapo wanaeleza mawe yalivyopatikana, na hapo ameandika sentensi ambayo mwalimu wao aliisoma mara kadhaa kabla ya kukubali ibaki. Akaisoma polepole. Mawe manne hayakupimwa, kwa sababu matatu kati yake yalitumika kama mafiga ya kupikia waombolezaji kwenye msiba wa mwandishi wa kwanza, nyumbani kwao, na la nne halikuweza kutofautishwa na mojawapo ya hayo matatu.

Mama akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara ya tatu shangazi akaingia kutoka shambani, miguu ina tope, akasikilizia mlangoni.

"Hayo ndiyo yaliyoandikwa huko kwa Wazungu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwamba walipikiwa?"

"Ndiyo."

"Na hawakusema nani alipika?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi. Nikamwandikia yule kijana swali hilo kama lilivyo, na haikupita muda akajibu kwamba mwishoni kuna mahali pa shukrani, jina la mama na langu ameshayaweka, kurasa bado hazijafungwa, nimtumie jina la shangazi haraka.

Shangazi alinawa mikono kwanza. Akakaa kwenye kiti, akataja jina la ubatizo, kisha la baba yake. Akafikiri, akaongeza lile la nyumbani alilorithi kwa bibi yake, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia kwa miaka. Nikaandika yote matatu kwenye simu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea.

"Haya, tuma."

Nikatuma.